Nyuma ya Kiwanda cha Pamba

Bibiane alikuwa na ugonjwa wa magofu, na ugonjwa huo hauna daktari Kampala nzima. Siku za kazi alipiga picha za pasipoti katika studio yake ndogo ya Wandegeya: wanafunzi, maharusi wenye haraka, wakimbizi wenzake kutoka Bukavu. Ikifika Jumapili, akitoka tu kanisani, alimtoa mdogo wake Pitshou kitandani na kumwambia awashe gari. Hao, wanashika barabara yoyote inayotoka mjini. Wakiona stesheni ya reli iliyomezwa na nyasi, au sinema isiyo na paa, au jumba ambalo mwenyewe aliondoka zamani na popo wakahamia, hapo ndipo wanaposimama. Watu wazima na akili zao! Pitshou alibaki garini akinung'unika, na Bibiane akaruka ukuta na kamera yake shingoni.

"Yaya, wenzako wanapiga picha za tembo," Pitshou alimwambia dada yake kila mara. "Wewe unapiga matofali."

"Tembo anakimbia. Nyumba inaningoja."

Alizitundika picha hizo ukutani studio, safu juu ya safu, na wateja wengi walidhani anauza viwanja. Ni mama mmoja tu aliyeziangalia kwa macho mengine.

Huyo alikuwa Mama Lamwaka, Mwacholi wa kaskazini, mjane wa mwanajeshi wa jeshi la zamani. Alikaa Kasubi na kuuza simsim, ule ufuta wa kusaga, katika soko la Wandegeya. Jua likiwa kali alikuja kupumzika kwenye benchi la wateja, na Bibiane hakuwahi kumfukuza, kwa sababu mama yule alikuwa mcheshi na Kiswahili chake cha kambi ya jeshi kilikata moja kwa moja bila kuzunguka. Siku moja aliinuka, akasogea ukutani, akatembeza kidole picha hadi picha.

"Iko hapa moja ya barabara ya Gulu?"

"Ziko, Mama. Unatafuta ipi?"

Mama Lamwaka akarudi kukaa, na ucheshi wote ukamtoka. Akaeleza. Mwaka ule wa themanini na sita, serikali ilipoanguka, mume wake alikuwa ameshaondoka na kikosi chake. Yeye, bibi harusi wa juzi tu, akatoroka Kampala kwa miguu pamoja na mama mkwe. Barabarani kulikuwa hakupitiki, wakatembea porini. Yule mzee akashikwa na homa, na homa ikamzidi wakiwa wamejificha katika jengo moja bovu. Akafia hapo. Lamwaka akamzika peke yake, akaendelea na safari akilia.

"Nikafika nyumbani, nani anaamini? Msichana peke yake, achimbe kaburi? Shemeji yangu Opoka akasimama mbele ya ukoo wote. Akasema nilimtupa mama yao mbwa wamle, ili mimi nitembee mwepesi."

Mume wake hakumtetea wala hakumlaumu. Alinyamaza hadi kufa kwake, na ukimya huo ulimuuma Lamwaka kuliko tusi lolote. Sasa vita vya kaskazini vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wakitoka kambi za wakimbizi kurudi kwao, na ukoo ulikuwa ukikusanya mifupa ya waliofia mbali ili ilale nyumbani. Opoka alikuwa amemtumia neno: shemeji aje na mama, au asije kabisa.

"Nimepanda basi kutafuta, mara nyingi. Kila kitu kimebadilika. Sijui hata nishuke wapi."

"Mama wewe!" Bibiane akamaka. "Miezi yote hii unakaa kwenye benchi langu, hunambii! Magofu si ndiyo kichaa changu?"

Basi Jumapili zote zikawa za barabara ya Gulu. Mama Lamwaka alikumbuka alama mbili: ngazi ya chuma iliyopanda ukutani ikaishia hewani, na tangi la maji la matofali. Bibiane alizitafuta ngazi na tangi katika kila ghala, kila shule iliyochomwa, kila nyumba ya mkandarasi aliyeishiwa. Hakuziona popote. Hata hivyo alipiga picha, akazisafisha na kumpelekea mama sokoni, maana huenda chuma kilishauzwa chakavu. Mama alifuta mikono, akashika picha kwa ncha za vidole, akaangalia kwa muda.

"Hapana. Si hii."

Ikawa hivyo hivyo wiki hadi wiki, mpaka Bibiane akachoka. Na kuchoka huko kukamletea wazo baya: je, kama Opoka alisema kweli? Msichana mdogo, njaa, risasi zinalia, mzee hawezi kutembea. Nani angemlaumu? Aliona haya kuwaza hivyo, na kwa haya yake akamnunulia mama soda asiyoiomba.

Siku hiyo ya soda, wakiwa studio, alikuwa akimpanga mwanafunzi mmoja mbele ya kitambaa cheupe. "Uso huku. Kidevu juu. Masikio nataka kuyaona yote mawili." Mwanafunzi alipokwenda zake, Mama Lamwaka akacheka.

"Wewe kila mtu unataka uso tu."

"Ndiyo kazi, Mama. Mtu ni uso wake. Hata nyumba, mimi nasimama barabarani, naichukua uso..."

Akakwama katikati ya sentensi. Akamgeukia mama taratibu.

"Mama, hilo jengo. Mliingia kwa mlango gani?"

"Mlango gani? Nilikwambia tulitoka porini. Tuliingia kwa tundu la ukuta, nyuma."

"Na kuondoka?"

"Nyuma hiyo hiyo. Mbele kulikuwa barabara, na barabarani kulikuwa bunduki. Mimi mbele niende kutafuta nini?"

Bibiane akajishika kichwa kwa mikono miwili. Yesu wangu! Muda wote huo amemletea mama wa watu nyuso, na mama wa watu hakuwahi kuona uso hata mmoja! Akajiita mjinga kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, halafu akambusu Mama Lamwaka shavuni, na mama akabaki ameshika soda bila kuelewa kosa ni la nani.

Jumapili iliyofuata walianza kuyarudia majengo yale, na safari hii Bibiane alipita nyuma, katika upupu na kinyesi cha mbuzi. Mbele kidogo ya Luweero kulikuwa na kiwanda cha pamba kilichokufa siku nyingi. Picha yake ilining'inia studio juu ya kioo, pale pale Mama Lamwaka alipokuwa akifunga kitambaa chake kabla ya kurudi sokoni. Bibiane alizunguka kona ya ukuta, na hiyo hapo: ngazi ya chuma, imepanda, imeishia hewani. Pembeni yake, tangi la matofali. Alipiga kelele hata Pitshou akatoka garini mbio na spana mkononi.

Picha hiyo Mama Lamwaka hakuhitaji kuiangalia kwa muda. Alikaa chini sokoni, katikati ya makopo yake, akaomba simu ya mtu ampigie Opoka.

Opoka akaja Kampala, akataka kwenda nao. Alikuwa polisi mstaafu, mrefu, mkavu, na njiani kote alikaa mbele na Pitshou bila kufungua mdomo. Bibiane alikuwa na roho mkononi: ngazi ipo, sawa, lakini kama mtu ameshalima pale na kufukua kila kitu? Mvua? Mbwa wenyewe? Wasipokuta kitu, wamempa Opoka ushindi, na mama hatapona.

Nyuma ya kiwanda walikuta mihogo, imeshona hadi ukutani. Mama Lamwaka akasimama chini ya ngazi, akageuka huku na huku.

"Hapa kulikuwa nyasi tu," alisema.

"Nilijua," Opoka akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu Kampala.

Mwenye shamba akatokea, mama wa makamo mwenye jembe begani, akawauliza kwa Kiganda wanatafuta nini. Mama Lamwaka akamweleza kwa sauti ndogo. Yule mama akashusha jembe.

"Banange, jamani, mmekuja kumchukua bibi?"

Akawatangulia katikati ya mihogo. "Tulipoanza kulima hapa," alisema, "mume wangu alikuta mawe yamepangwa vizuri, akajua hapa pana mzazi wa mtu. Tukazunguka. Watoto tuliwakataza hata kupakanyaga."

Na kweli mihogo iliachana, ikaacha mahali padogo pasipolimwa. Mawe yalikuwepo, na juu ya mawe, katikati, palikuwa na jiwe dogo la mkono la kusagia simsim. Bibiane akainua kamera, akaishusha tena.

Opoka aliliona jiwe akapiga magoti palepale. Akalishika. Lilikuwa limelika upande mmoja tu, wa kushoto, na mkono wake wa kushoto ukaingia mahali pale.

"Mama alikuwa wa kushoto," alisema, na sauti ya polisi ikamwisha. "Shemeji, hili alitoka nalo Kampala?"

"Alikataa kuliacha. Nilimbembeleza, akanitukana. Nimelibeba mimi porini kote mpaka bega likachubuka."

"Ulichimba na nini?"

"Kifuniko cha sufuria. Kilipopinda, mikono."

Opoka akajaribu kumgeukia kwa magoti, mikono ameikusanya mbele. "Shemeji, mimi... yale maneno yangu..."

"Anza na yeye," Mama Lamwaka akamkatiza, mkali kama muuzaji aliyeonjewa simsim bure. "Mimi unanipata Kasubi siku yoyote. Yeye amelala hapa akimngoja mtoto wake aje, na mtoto yuko busy kugombana na mimi."

Akaja akakaa kando ya Bibiane chini ya ngazi, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu. Pumzi hiyo Bibiane aliisikia mpaka kifuani kwake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi mabega yake yakalegea. Kule kwenye mawe Opoka alianza kusema na mama yake kwa Kiacholi, polepole, akisimama na kuanza tena.

"Anasema nini?" Bibiane akanong'ona.

Mama Lamwaka akatega sikio. "Anamwambia mvua imenyesha vizuri nyumbani. Anamwambia kaka yake amekufa." Akasikiliza tena, na uso wake wote ukafunguka. "Anamwambia aliyekuzika ni Lamwaka. Sikia, amerudia. Ni Lamwaka, anasema. Kama vile mama hajui!"

Akacheka kwa sauti katikati ya mihogo ya watu, na machozi yakamshuka bila kuyafuta.