Onja Kwanza Wewe, Daktari

Daktari Oswald hajui kuomba, anajua kuamrisha tu. Asubuhi ile aliingia maabara yetu ya Mwanga, akagonga meza kwa kidole, akasema nitengeneze majagi mawili ya juisi ya ndimu niyatie ule utamu tunaoutengeneza. Tunakwenda mtaa wa Kasingirima kukionjesha kikundi cha wagonjwa wa kisukari.

"Haujapimwa kwa binadamu," nikamwambia. "Na ile dawa ya kuua bakteria bado imo."

"Skolastika, ni funda moja tu. Wafadhili wanataka video ya wazee wakitabasamu."

Damu ilinichemka. Mimi ndiye ninayezilea zile seli za karoti, tulizozipandikizia jeni ya tunda tamu la misitu ya Afrika Magharibi. Hazina shamba wala majani. Zinaishi kwenye chupa zenye dawa ya kuua bakteria, zinazotikiswa usiku na mchana, zikitoa protini tamu kuliko sukari, isiyompandishia mgonjwa sukari mwilini. Ni kazi nzuri, naiamini. Mama yangu, Leonia, kisukari kimeshamla kidole cha mguu, na sasa kinamsumbua figo. Naifanya kazi hii kwa ajili yake.

Na mama ni mwanachama wa kikundi hicho hicho cha Kasingirima. Nikajidanganya kwamba huenda leo mguu utamzuia kuja. Ningekataa, kibarua changu kingeota nyasi kabla ya saa sita. Nikajaza majagi.

Tulipoingia ukumbini, mama alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Oswald alihutubia kama mgombea udiwani, kisha akampa kijana wa kamera ishara, akammiminia mama yangu kikombe cha kwanza. Mimi nilisimama nyuma ya Oswald na jagi la pili, meno nimeyauma. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akamrudishia.

"Asante, baba. Onja kwanza wewe."

Kwetu Waha, anayeleta kinywaji ndiye anayetangulia kunywa, iwe pombe ya ndizi au togwa. Hakuna anayenuna akiambiwa. Ni adabu.

Oswald akacheka. "Mama, mimi nimeshaizoea."

"Basi haitakushinda. Onja."

"Ego!" wakaitikia wanawake. Ndiyo.

Akakiinua kikombe, akakigusisha mdomo, akakishusha. Juisi ilikuwa pale pale, na kila mtu aliona. Akasema ana vidonda vya tumbo, ndimu inamchoma. Muongo mkubwa! Mtu huyu hula embe bichi kwa pilipili mbele yangu kila siku. Nilitamani kummwagia jagi zima kichwani.

Mama akakichukua kikombe mkononi mwa Oswald, akaninyooshea mimi.

"Basi aonje mwanangu. Yeye ndiye aliyepika." Alisema kwa fahari, akiwatazama wenzake.

Mkono wangu haukuinuka.

"Usinywe, mama," nikasema. "Haijapimwa. Ina dawa inayoweza kukudhuru figo."

"Skolastika, toka nje!" Oswald akafoka.

"Sitoki! Ulitaka kumnywesha mama yangu kitu ambacho wewe mwenyewe huthubutu kukilamba! Huna haya?"

Ukumbi ulilipuka. Wengine walinishangilia, wengine walimzomea Oswald, na kijana wa kamera akazima mashine yake. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu. Nilihisi nimesimama upande wa haki.

Mama hakushangilia. Alikiweka kikombe sakafuni polepole.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Kwa hiyo nisingemwambia aonje, ungeniacha ninywe?"

Nilimtafuta Oswald kwa macho nimtupie lawama. Alikuwa ameshatoka. Jagi la pili nilikuwa nimelishika mimi, na mama alikuwa bado anasubiri jibu.