Vigelegele vya Getini

Supu ya njegere ilikuwa inamwagikia jiko, na Nyakio, ambaye hajawahi kuunguza sufuria ya watu, hakuiona. Mawazo yake yalikuwa Toronto, hospitalini, alikolazwa bintiye Melissa. Mimba hii ya pili ilikuja na presha ya kutisha, na leo madaktari walikuwa wanampasua.

"Mum, nenda tu, it's okay," Melissa alimwambia asubuhi. "Shaun yupo." Shaun ni mumewe.

Akaenda roho mkononi, maana ruhusa zote alikwisha kuzimaliza akimuuguza.

Kazi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kituo kile cha kijasusi, kaskazini mwa mji, kiliendeshwa na Wakanada wenyeji pamoja na Wamarekani wageni wao, na madishi yake yalisikiliza setilaiti usiku na mchana. Kilisikia meli za upande wa pili wa dunia. Mpishi wake hakuweza kumsikia mwanawe mwenyewe, kwa kuwa simu zote huachwa getini.

"Mzee Gerishon," alimsihi mlinzi alipofika kazini, ambaye ni mzee wa kanisa lao kule Malton, "Shaun atapiga hapa getini. Nami nitajuaje?"

"Mama Melissa, simu haiingii, karatasi haiingii. Nami siruhusiwi kukanyaga huko jikoni. Unataka nifukuzwe?"

Hakumlaumu. Sasa aliinama kukwangua supu iliyoungua.

Ndipo sauti ikatoka nje, upande wa mapipa ya taka, anakopita mlinzi akizunguka ua.

"Ariririririii!"

Sauti nene, ya kukwaruza, kama jogoo mwenye mafua. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, anapiga vigelegele! Kanuni haikuwa imevitaja.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Nyakio akangoja cha nne, mkono kifuani. Hakikuja.

Kwao Nyeri mtoto wa kiume hupigiwa vitano, wa kike vitatu, na hapigiwi hata kimoja kama mama hajasalimika. Binti wa kwanza wa Melissa alipewa jina la mama yake Shaun. Huyu wa pili hupewa la bibi mzaa mama, yaani Nyakio mwenyewe.

"Nimezaliwa," Nyakio akasema, machozi yakimtiririka. "Asante, Mungu wangu. Asante, Gerishon wee!"

Kapteni wa Kimarekani akachungulia jikoni. "Kelele gani hizo?"

"Ni mjukuu wangu, bwana."

Akachagua paja nono la kuku, akalifunika vizuri, la kupeleka getini. Kisha akafungua dirisha, akavuta pumzi, akajibu. Huko nje madishi yaliendelea kutazama juu.