Koti la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa nne na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya nne, msomaji prufu wa kampuni ya uchapishaji alifika ukurasa wa arobaini na moja wa riwaya mpya na kukutana na koti. Wenzake walimwita Bi Nukta, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Aliishusha miwani puani, akaisoma sentensi mara ya pili.

"Dada wa kazi akaingia na sinia la chai, amevaa koti kuukuu la traksuti, la buluu, lenye mistari miwili myeupe mikononi."

Riwaya ilihusu familia ya mwenyekiti mstaafu wa chama cha riadha. Mwenyekiti alikuwa na jina, mkewe alikuwa na jina, hata paka alikuwa na jina. Dada wa kazi hakuwa nalo. Alikuwa na koti tu, na lilitajwa kwa uangalifu usiokuwepo mahali pengine popote. Bi Nukta alikuwa na imani yake kuhusu jambo hilo. Mtu anayevaa nguo za uwanjani jikoni, alipenda kusema, ama hajawahi kuufikia uwanja ama hajaondoka. Akampigia simu mwandishi, ambaye aliwahi kufundisha sekondari na kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu.

"Hili koti la dada wa kazi ni la nini?"

"Ah, Bi Nukta! Nimelitia tu aonekane maskini. Mtumba. Likikukera lifute, mvalishe aproni."

"Halinikeri. Nauliza."

"Basi futa, tusonge mbele. Mkurugenzi anakitaka kitabu kiwandani Ijumaa."

Bi Nukta akapitisha mstari mwekundu juu ya koti, kwa shingo upande, mstari mwembamba kuliko kawaida yake.

Haikupita nusu saa, dada wa mapokezi akapiga simu kutoka chini.

"Una mgeni. Anasema ametoka kwenye mswada."

"Amesaini?"

"Amesaini."

Kwenye daftari la wageni, mahali pa jina, palikuwa pameandikwa "Dada wa kazi". Mahali pa atokako, "Sura ya nne". Mahali pa shida, "Koti".

Lifti ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita, na kila aliyefika ghorofa ya nne alifika akishika kiuno. Mgeni huyu aliingia akipumua kama mtu aliyekuwa ameketi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, vifundo vya miguu vimekaza kama kamba. Koti lilikuwa limepauka viwikoni lakini limepigwa pasi. Kifuani, kutoka bega hadi bega, lilikuwa limekatwa na mstari mwekundu ambao wino wake ulikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Chai?"

"Nitashukuru. Si kawaida mimi kuletewa." Akaketi ukingoni mwa kiti. "Mama, msinivue koti."

"Mwalimu anasema ni mtumba."

"Mwalimu hajui. Ni la timu. Nilikabidhiwa mkononi, nikiwa na miaka kumi na tisa."

Akasimulia huku akipuliza chai. Mbio zilikuwa za kupokezana kijiti, wasichana wanne, mita mia kila mmoja. Yeye alikimbia wa tatu, kwenye kona, mahali ambapo wengi hupoteza miguu. Katika mchujo walivunja rekodi. Asubuhi ya fainali mwenyekiti aliingia chumba cha kubadilishia nguo akiwa na binti yake, na binti tayari alikuwa amebandikwa namba kifuani.

"Akaniambia nina homa. Nikamwambia sina. Akasema daktari ameshaandika."

"Na wenzako?"

"Waliinama kufunga kamba za viatu. Sikuwalaumu, nami ningeinama. Nikakaa jukwaani, nikawatazama wanashinda. Binti alikuwa wa mwisho kwenye kona, ila yule wa nne alikuwa moto wa kuotea mbali, akawapita wote. Jioni walikuja kuchukua viatu vyangu, begi, namba. Koti nilikuwa nimelivaa. Wakasahau."

Jina lake halikusomwa tena kwenye orodha yoyote. Miaka ikaenda, akatafuta kazi, akapelekwa kwenye jumba moja lenye kabati la vioo sebuleni. Siku ya kwanza, akifuta vumbi, alikuta ndani yake medali ya mbio zile.

"Mwenyekiti hakukutambua?"

"Angenitambuaje? Hakuwahi kunitazama usoni. Tukikimbia, alikuwa anatazama saa." Akaweka kikombe chini. "Kila asubuhi nampelekea chai nikiwa nimevaa hili. Mwaka wa kumi na moja sasa. Sisemi kitu. Siku moja atauliza."

Bi Nukta alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa amesoma wahusika wengi waliolia, waliolaani, waliochoma nyumba. Hakuwahi kukutana na aliyesema ukweli miaka kumi na moja kwa nguo aliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe.

Akarudi kwenye kurasa. Ukurasa wa kumi na saba, mwenyekiti anashuka kwa kifungua kinywa ndani ya traksuti nyeupe mpya, na raba zenye soli safi za kupanda nazo kitandani. Ukurasa wa sitini na tatu, binti anapanda ngazi za jumba na kupumzika katikati. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, medali. Yote yalikuwepo. Akamwita Mwalimu.

Mwalimu alifika saa sita, akishika kiuno. Alimtazama mgeni, akamtambua papo hapo.

"Umekonda."

"Ndivyo ulivyoniandika."

Akasoma kurasa zile nne akiwa amesimama, kisha akasoma tena akiwa ameketi.

"Haya nimeyaandika mimi?"

"Kwa mkono wako," Bi Nukta akasema.

"Nami nikadhani natafuta rangi tu." Akachukua kalamu. Pembeni mwa ukurasa wa arobaini na moja akaandika kwamba koti libaki. Mstari mwekundu ukafifia kifuani mwa yule mwanamke, ukaisha. Akajipapasa pale ulipokuwa, akafunga zipu hadi shingoni.

Mwalimu hakuiweka kalamu chini. Alifungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akakata aya nzima, akaandika kwamba mwenyekiti alifungua kabati, akaitoa medali na kumvisha dada wa kazi. Wote watatu wakatazama. Wino ulikauka. Kisha maneno mapya yakapauka na kutoweka, na ya zamani yakarudi mahali pake, na koma zake. Akajaribu tena kwa herufi kubwa. Akajaribu mara ya tatu kwa kalamu ya Bi Nukta.

"Usijisumbue, Mwalimu," mwanamke akasema kwa upole. "Yule hatoi kitu. Ulimwandika vizuri."

Mwalimu akairudisha kalamu. Mgeni akauliza saa.

"Saba kasoro dakika tano."

"Basi niwaage. Mwenyekiti ana wageni saa saba, na glasi sijaosha."

Hawakusikia hatua zake kwenye ngazi. Walipofika dirishani alikuwa tayari barabarani, anakimbia. Kichwa kilikuwa kimetulia kama amebeba maji, mikono inakata hewa karibu na mbavu, buluu ya koti ikipita katikati ya watu bila kumgusa yeyote. Muuza viatu alivuta mkokoteni wake nyuma, kama anavyofanya basi linapokuja, akaendelea na mteja wake. Penye kona ya benki hakupunguza mwendo. Alilalia ndani, bega la kushoto chini, akaivuta kona yote kwa hatua saba. Bi Nukta alizihesabu.

"Mungu wangu," Mwalimu akasema. "Nilimpa sinia la chai."

Bi Nukta akarudi mezani. Katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo, akiwaeleza wageni jinsi binti yake alivyokimbia wa tatu, kwenye kona, mahali ambapo wengi hupoteza miguu. Alipitia sentensi moja moja. Hakukuwa na kosa hata moja la tahajia. Akatia sahihi, akafungua ukurasa uliofuata.