Pete ya Injini ya Kushoto

Moto ulianza kidogo, kama mgeni anayepiga hodi kwa aibu.

Angelina Kikoti alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya ndege, Msalato, ameupa upepo wa Julai mgongo, anapuliza chai kwenye kikombe cha bati. Ndege waliyoihudumia asubuhi ilikuwa inakimbia kwenye lami, pua inataka kuinuka. Ndipo akaona uzi wa rangi ya chungwa chini ya injini ya kushoto. Akadhani jua linamchezea macho. Uzi ukawa utepe, utepe ukawa shuka zima linalopepea nyuma ya bawa. Chai ikammwagikia kwenye kiatu na wala hakuhisi.

Ndani walikuwamo watu sabini na wawili. Mmoja wao Angelina alikuwa amezungumza naye nusu saa iliyopita: Bibi Ruthu wa Kongwa, anakwenda kumwona kitukuu Dar es Salaam, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alipopewa shikamoo yake aliitikia, kisha akauliza kama dirisha linafunguka, maana kwenye basi huwa anatapika.

“Halifunguki, bibi.”

“Basi mmelitengeneza vibaya,” alisema bibi, akapanda ngazi.

Rubani hakuruka. Mngurumo ulikatika ghafla, breki zikalia, matairi yakatoa moshi wake yenyewe, ndege ikaburuzika mpaka ikasimama lami imebaki kidogo tu. Gari la zimamoto lilikwishafika, likaimwagia injini povu. Milango ikafunguka, mitelezo ya dharura ikajaa upepo, na watu wakaanza kuteremka kwa makalio, waheshimiwa na wasio waheshimiwa, tai zimewapanda masikioni. Angelina alihesabu vichwa, akachanganya hesabu, akaanza upya. Alipoona kanga ya Bibi Ruthu inateremka, mwenyewe ameishikilia kwa mikono miwili isimwumbue, alikaa chini pale pale kwenye saruji.

Hakuna aliyekufa. Karani mmoja alivunjika mkono, na wengine walichubuka hapa na pale. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema, na kwa Angelina ilidumu kama dakika mbili. Kisha kichwa chake kikamrudisha kwenye neno moja: kushoto.

Injini ya kushoto ilikuwa kazi ya Sila.

Sila Chilongani ni Mgogo, Angelina ni Mhehe, kwa hiyo walikuwa watani kabla hata hawajazaliwa. Kila asubuhi Sila aliwatangazia mafundi wenzake, “Fungeni mbwa wasiliwe, Mhehe ameingia.” Naye Angelina alimwekea kipande cha mkate kiganjani: “Chukua, Mgogo wangu, leo usikae barabarani kuomba.” Karakana nzima ilianza siku kwa kicheko hicho, na siku mmoja wao akiwa likizo, hata spana zilionekana kununa. Mtani hakasirikiwi, hashitakiwi, na anachokisema hakibebwi kwenda nacho nyumbani. Angelina aliyekulia gereji za malori Iringa, alikozomewa na mafundi waliodhani mwanamke amekuja kuuza maandazi, aliupenda utani huo kuliko alivyowahi kukiri.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa ndogo: kubadilisha chujio la mafuta. Chujio hukaa ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe hufungwa kwenye injini kwa pete ya mpira katikati, ya kuzuia mafuta yasipenye. Sheria ya karakana ilikuwa fupi. Chujio jipya, pete mpya. Pete ya zamani inakatwa kwa kisu na kutupwa kwenye kopo la maziwa lililoko stoo, asije mtu akaitamani tena. Fundi akimaliza, mwenzake hupanda ngazi, hukagua kwa tochi na kidole, huchungulia kopo, ndipo hutia saini.

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma masikio, Sila alisema kutoka juu ya ngazi, “Mtani, pete mpya zimeisha stoo. Nimerudisha ile ile ya zamani. Nimeipaka mlenda.”

“Kwa mlenda wenu ninyi mngeziba hata bwawa la Mtera,” alijibu Angelina, akacheka mpaka akakohoa.

Jana yake Sila alikuwa amesema kafunga gurudumu kwa kamba ya ng’ombe. Juzi yake, kwamba kwenye tangi ameweka pombe ya mtama. Kwa hiyo Angelina aliweka karatasi juu ya goti, akatia alama ya vema palipoandikwa “pete mpya imewekwa”, akasaini. Ngazi hakupanda. Injini ikajaribiwa hapo chini kwa mwendo mdogo, tone halikudondoka.

Sasa, amekaa kwenye saruji, ndipo alipokumbuka kwamba katika kicheko kile Sila hakuwemo.

Aliinuka, akaenda stoo. Aliikuta droo ya pete za saizi ile ikiwa tupu, na vumbi ndani. Akamimina kopo mezani. Vipande vya pete vilivyokatwa vilikuwa saba. Akavipanga kama mtu anayepanga karata, akapima kimoja kimoja kwa kidole gumba. Vyote vilikuwa vidogo. Cha chujio hakikuwepo.

Rafu ya juu kulikuwa na pete za trekta la kuvutia ndege. Nazo nyeusi, nazo saizi ile ile ukiangalia haraka. Angelina alichukua moja, akaisugua kwenye vumbi la sakafu mpaka ikazeeka mkononi mwake, akafungua kisu. Pigo moja tu, kipande ndani ya kopo, na karatasi yake itakuwa imesema kweli. Mpira ulioungua ndani ya injini hauwezi kutaja umri wake. Watalaumu kiwanda, na kiwanda kiko mbali, hakina watoto wanaosoma Nzuguni kama wake.

Mlango ukalia. Alikuwa Sila. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama aliyetoka kusaga mtama. Akafungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na pete moja ya trekta iliyokatwa katikati, safi, imepakwa mafuta kwa makusudi.

Wakaangaliana, huyu na kisu chake, yule na pete yake.

“Uliniambia,” alisema Angelina.

“Nilikwambia.”

“Uliniambia kama unanitania.”

“Sikuwa na mdomo mwingine, mtani.” Sila alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Nimemwomba bosi Abdulrahim pete hizo wiki mbili. Asubuhi ananijibu ndege inaondoka saa tatu, hata nikifunga kwa kamba ya viatu ni shauri langu. Mimi nikimgomea bosi, jioni narudi Kongwa kuchunga. Wewe mwenye saini ukigoma, anasikia. Nilitaka ugome wewe. Nikasema utapanda ngazi utaona.”

“Kwa nini hukunivuta shati?”

“Ulikuwa unacheka.”

Angelina alikaza meno. Angeweza kumpiga, na angeweza kulia, na yote mawili yangemchelewesha.

“Sikiliza,” Sila akasema. “Hii niitupe kwenye kopo. Ikishindikana, nitasema sikukwambia kitu. Wewe una saini tu. Mimi nibebe.”

Kabla hajajibu, Bibi Ruthu alichungulia mlangoni, hana viatu, blanketi la zimamoto begani. Sila akaruka kutoka kwenye ndoo, akaamkia, akafumba kiganja nyuma ya mgongo.

“Marahaba. Mwanangu,” bibi alimwambia Angelina, “viatu vyangu vimebaki mle ndani. Na nyingine inaondoka saa ngapi?”

“Nyingine, bibi?”

“Ndege nyingine. Kitukuu anabatizwa Jumapili.”

“Bibi, huogopi?”

“Naogopa sana,” alisema Bibi Ruthu. “Lakini si mnazikagua ninyi?”

Angelina alimpa bibi malapa yake mwenyewe ya kubadilishia, akamwambia nyingine itaondoka zikishakaguliwa. Alipogeuka, alifunga kisu, akairudisha pete ya trekta kwenye rafu ikiwa nzima. Sila alibaki amesimama na kiganja chake kimefumbwa.

Mchunguzi aliitwa Devota. Alifika saa kumi jioni kwa treni, uwanja ukiwa umefungwa, na hakuna aliyethubutu kumtania. Alipanda ngazi na tochi, akakaa huko juu muda mrefu, Angelina na Sila na bosi wao Abdulrahim wamesimama chini kama watu wanaosubiri majibu ya maabara. Abdulrahim alijifuta shingo kwa leso kwenye baridi ile. Hatimaye Devota alishuka na kitu kwenye mfuko wa nailoni.

“Pete hii nusu imeungua, nusu imepona,” alisema. “Angalieni hapa. Imelala bapa, imekauka, ina ufa. Injini ikizunguka polepole inavumilia. Rubani akitaka nguvu yote, presha ya mafuta inapanda, inapita kwenye ufa, mafuta yanarushwa kama dawa ya kupulizia zabibu. Yanaangukia ganda la injini, na ganda lina joto la kuwasha chochote.”

Alimwita Angelina peke yake kwenye ofisi ndogo, akaweka karatasi mezani.

“Hapa umetia alama kwamba pete ni mpya. Pete mpya ikiwa hivi, kesho nasimamisha kila ndege yenye pete za kiwanda kile. Naomba uniambie kabla sijapiga simu. Ilikuwa mpya?”

Mlango ulikuwa nusu wazi. Angelina aliona bega la Sila kwenye benchi la korido.

“Ilikuwa ya zamani. Sikupanda ngazi.”

Devota aliandika. “Fundi alikuficha?”

Ndilo hilo. Neno moja dogo hapo, na zigo lote linahamia kwa Mgogo, mwenyewe kakubali kulibeba.

“Hakunificha. Bosi alimharakisha, naye akaniambia kwa mdomo wake kwamba pete zimeisha, karudisha ya zamani. Nikacheka.”

Kalamu ikasimama. “Ulicheka?”

“Ndiyo.”

“Wewe ni kabila gani, dada?”

“Mhehe.”

“Na yeye?”

“Mgogo.”

Devota aliitazama karatasi yake, kama anatafuta mahali pa kuandika jambo ambalo kila mtu nchini analielewa na hakuna fomu iliyowahi kuliuliza.

“Nitaandika kwamba ulionywa,” alisema.

“Andika hivyo.”

“Unajua cheti chako kitasimamishwa. Chake pia. Na huyo bosi namwita sasa hivi.”

“Najua.”

Alitoka. Koridoni Sila alikuwa amefumbua kiganja. Ile pete iliyokatwa ilikuwa juu ya goti lake, hana pa kuitupa. Alimtazama Angelina usoni, akitafuta utani aliozoea kuukuta pale.

“Umesema?”

“Nimesema.”

“Yote?”

Angelina alikaa kando yake, soksi zake zikiwa na vumbi la saruji, maana viatu vilivyomwagikiwa chai alikuwa amevivua, na malapa ya kubadilishia yalikwishaondoka na Bibi Ruthu.

“Yote,” alisema. “Mpaka kicheko.”