Tonge la Kuonja

Katika kazi ya soseji, kila mtu nyumbani kwetu ana sehemu yake. Mume wangu anasaga nyama ya bega na mafuta, akitia barafu ili nyama isipate joto. Mimi nachanganya chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, halafu nakaanga tonge dogo na kulionja kabla hatujajaza utumbo. Nikisema "safi," mashine inazungushwa. Mume wangu hawezi kuonja. Amevuta sigara tangu ujana, pua yake imebaki pambo la uso. Kazi hiyo nilikabidhiwa na mama mkwe, tena baada ya kunizungusha miaka mizima.

Kisha nikapata mafua makali. Yalipoondoka, yaliondoka na kila harufu. Kitunguu saumu, sabuni, moshi, vyote vikawa maji matupu. Sikumwambia mtu. Kwa nini nijichongee mwenyewe? Kwa mama mkwe, mkaza mwana asiye na pua ni mdomo wa bure wa kulisha. Nilijipa moyo kwamba harufu itarudi, na kila asubuhi nilitafuna tonge langu kwa maringo, nikasema "safi."

Kuna siku umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nyama ilikuwa bado na ubaridi, na rangi yake haikunitisha. Nilikaanga, nikaonja.

"Vipi?" mume wangu aliuliza.

"Safi. Ongeza pilipili kidogo."

Tulikuwa tumeshajaza beseni zima mama mkwe alipotokea mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alijiziba pua.

"Nyinyi! Nyama hiyo imeoza!"

Mume wangu aliniangalia. "Si umeonja?"

Nilitaka kusingizia pilipili, kikohozi, chochote kile. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikasema yote.

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kunyang'anywa aproni, hata kurudishwa kwetu. Mama mkwe alivuta stuli akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mafua yale?"

"Ndiyo, mama."

"Na maziwa ya mjukuu wangu, yale ya chupa? Nani anayanusa kama yamechacha?"

Mtoto alikuwa akiharisha tangu Jumapili. Sote tulikuwa tumesema ni meno.