Klachi ya Kilo Tisa

Kijiji cha Ujamaa cha Juhudi, huko Mugeta, kilikuwa na gari moja, gari lilikuwa na dereva mmoja, na dereva alikuwa na goti moja zima. La kushoto lilipigwa teke na ng'ombe dume wa plau tangu ujana wake, na Mihayo alilificha kama wenzake wanavyoficha chupa. Alijua siku Kamati ya Kijiji itakapogundua, kitumbua chake kitaingia mchanga. Na kazi ile aliipenda, jamani! Kila siku ya Mungu aliiamsha ile pikapu ya Pijo, akapakia maziwa na wajawazito, akasimama kila mti mpaka Bunda. Wanawake walisema ukipanda kwa Mihayo, hata mayai yanafika mazima.

Mwaka wa sabini na tano, wiki tatu kabla ya Saba Saba, klachi ikaisha. Gari likawa linanguruma sana na haliendi popote, kama Kamati yenyewe. Akaitwa fundi Twalib kutoka Mukendo, mjini Musoma, mtu mpole mwenye kofia ya kitani na vidole vyeusi vya grisi. Alikuja na gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na klachi mbili.

"Ndugu wajumbe," alisema, "hii moja ni ya kawaida. Hii nyingine imetoka kwenye gari la mashindano. Ina nguvu, sikatai. Lakini haina nusu: ama imeshika, ama imeachia. Pedeli yake nzito, inataka paja la mpagazi. Ile ya kawaida inateleza kidogo kwanza, ndipo ishike. Kwa gari la kusimama kila siku, kila mahali, mimi ningechukua ya kawaida."

Mwenyekiti Matiko alisikia neno "mashindano" tu, mengine yakapita na upepo. Siku ya Saba Saba kungekuwa na msafara wa magari ya vijiji pale Butiama, mbele ya wakubwa wa mkoa, naye alikuwa anakitazamia kiti cha ujumbe wilayani kwa macho mawili.

"Kuteleza ni tabia ya kibepari," alisema. "Kijiji hiki hakiendagi nusu nusu."

Wajumbe wakagawanyika, wakabishana mpaka jua likahama upande. Ndipo mmoja akapiga kelele, "Tupime!" Wote wakatulia, maana lilikuwa jambo la akili. Watu waliozaliwa na kuzeeka katika pamba wanajua kwamba kizito ndicho chenye thamani, na asiyejua hilo akaulize ghalani. Nyangi, mama aliyekuwa mpima pamba wa kijiji, akazitundika kwenye ndoano ya mizani moja baada ya nyingine. Ya kawaida, kilo sita. Ya mashindano, kilo tisa. Makofi yakapigwa.

Mihayo akanyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, mimi ndiye naendeshaga. Naomba ile nyepesi."

"Kwa nini? Una shida ya mguu?"

Wajumbe wote wakamgeukia. Mihayo akauegemea mguu wa kulia. "Mguu? Hapana, Ndugu. Mguu mzima kabisa."

Basi ikafungwa ile nzito. Twalib alipokuwa anaondoka alimsukumia Mihayo gunia lenye ile nyingine. "Kaa nayo, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Utaitafuta."

Wiki tatu zile zilikuwa za mateso. Gari halikuondoka, liliruka. Maziwa yalifika Bunda yameshakuwa siagi. Wajawazito walianza kuteremka wenyewe na kutembea, na Mihayo aliwaona kwenye kioo wakibaki nyuma na vitenge vyao, roho ikamuuma kuliko goti. Kila jioni alilikanda goti kwa maji ya moto, akisema ni jipu.

Saba Saba ikafika. Hapo Butiama msafara ulitakiwa kwenda mwendo wa mtu kwa miguu, nyuma ya ngoma. Mwendo huo ndio hasa ambao klachi ile haikuujua. Matiko alisimama nyuma ya pikapu, juu ya mtumba wa pamba, katika suti mpya ya kijivu, mkono juu. Mihayo alikanyaga, akaachia, akakanyaga, jasho likamtoka. Walipofika mbele ya jukwaa goti likakataa katakata. Mguu ukachomoka kwenye pedeli, gari likaruka, na Mwenyekiti akapiga mwereka chali juu ya pamba, akawapungia wakubwa wa mkoa soksi.

Kesho yake Kamati ilikaa. Klachi haikulaumiwa, kwa sababu ilipitishwa kwa kauli moja, na Kamati haikosei.

"Kilichokosea ni mguu," alisema Matiko. "Tunataka dereva mzito." Akampendekeza Kwangu, mtoto wa dada yake, ambaye chombo pekee alichowahi kuendesha ni toroli. Mjumbe mmoja aliyependa haki akauliza itajulikanaje nani mzito. Jibu wote walilijua. Wakapanga Jumatatu asubuhi, ghalani.

Kwangu alishajipima. Kilo sitini na nane, na alitembea akizitangaza. Mihayo kipimo chake cha mwisho, zahanati, kilikuwa sitini na mbili. Jumapili nzima alikaa kitandani akiitazama hesabu hiyo, mpaka macho yakashuka uvunguni, kwenye gunia.

Jumatatu alikuja amevaa kabuti la marehemu baba yake, lile alilorudi nalo kutoka vita vya Wazungu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Homa," alisema, akikohoa.

Kwangu akaning'inia kwenye ndoano. Sitini na nane. Mihayo akashika ndoano, akainua miguu, na ndani ya kabuti chuma kikagonga chuma. Nyangi alisikia. Binti yake wa kwanza alijifungua salama kwa sababu ya mwendo wa Mihayo, na mjukuu alikuwa mgongoni mwake wakati ule ule. Akakohoa kwa nguvu kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Sabini!" alitangaza. "Mteremsheni, mtu ana homa."

Wiki ile ile Mihayo alikwenda Mukendo kumsalimia Twalib, na gari likarudi limebadilika tabia. Wajawazito wakapanda tena. Mwenyekiti naye akapanda, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Si niliwaambia?" alisema. "Klachi ya mashindano inatakaga dereva mzito tu."

"Kweli kabisa, Ndugu Mwenyekiti," alijibu Mihayo, akabadili gia taratibu.

Ile ya kilo tisa iko uvunguni mwake, imefungwa vizuri kwenye gunia, maana Kwangu anazidi kunenepa.