Dakika Arobaini Bila Neno

Tangazo lililobandikwa mlangoni pa klabu lilimtaja kwa kazi yake: "Ijumaa hii, mgeni wetu ni Fundi Cherehani. Dakika arobaini za tekno." Hapakuwa na uongo ndani yake. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo, na kwa muda wa miezi minane alikuwa amenasa milio ya mashine alizokuwa akizirekebisha, akaipanga na kuipangua katika kompyuta yake, mpaka ikawa muziki mmoja usio na neno hata moja. Ulianza kwa mdundo mmoja mzito. Ukaongezewa wa pili, na wa tatu, ukapanda taratibu kama maji yanavyopanda katika tangi, hata katika dakika ya thelathini na mbili midundo yote ikakutana na kulipuka kwa pamoja. Ukikatwa katikati, ulikuwa kelele tu. Hilo alilijua yeye kuliko mtu yeyote.

Alikuwa amemwalika mtu mmoja, kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kaka huyo alikuwa msimamizi wa mitambo ya kufuma, na kelele za mitambo zilikuwa zimemla masikio kwa miaka ishirini na minane. Sauti nyembamba zilikwisha kumtoka kabisa; maneno aliyafuata midomoni mwa watu. Alibakiwa na sauti nzito peke yake, na daktari alimwambia bila kumficha kwamba hizo nazo zingemtoka kabla ya mwaka kwisha. Hakuwahi kuusikia muziki wa mdogo wake, kwa maana nyumbani palikuwa na spika ndogo tu, isiyoweza kutoa mdundo wa kumfikia. Kwa hiyo Fundi alitaka jambo moja: kaka yake ausikie muziki ule, mwanzo hadi mwisho, wakati bado angali na uwezo wa kuusikia.

Alimkalisha kando ya spika kubwa kupita zote, akaukamata mkono wake na kuuweka juu ya ubao.

"Kaa hapa, kaka. Usihame."

"Nihamie wapi? Uliniambia kuna dansi, naona giza!" akajibu kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu wasiojisikia, na wasichana wawili wa meza ya jirani wakaangua kicheko. Akaipapasa spika. "Hii imefungwa ovyo. Skrubu mbili hazipo."

Fundi akapanda jukwaani, akavaa vipokea sauti, akaanza.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba klabu ile ilikuwa na utaratibu wake wa kila Ijumaa. Juu ya kiti kirefu, kando ya mitambo ya muziki, aliketi mtangazaji mwenye koti jeupe na sauti nyembamba kama filimbi, aliyeitwa Kasuku, naye alikuwa amekikalia kiti hicho kwa miaka tisa. Watu walimpelekea salamu katika vikaratasi, naye akazisoma. Maikrofoni yake iliunganishwa kwa namna ambayo kila alipofungua kinywa, muziki ulishuka wenyewe hadi ukawa mnong'ono, na alipofunga, ukapanda tena. Kwa nyimbo za kawaida, zenye beti na kiitikio, haikumdhuru mtu.

Katika dakika ya nne akafungua kinywa.

"Salamu zimfikie Shemeji wa duka la viatu, kutoka kwa watu wake wa meza ya sita! Shemeji, inua mkono tukuone! Aa, huyo! Anakula na huku anacheza!"

Muziki ukazama. Watu wakapiga makofi, Shemeji akainua kijiko. Fundi akajikaza, akadhani ni mara moja tu. Katika dakika ya saba, mama mmoja akatakiwa heri ya kumaliza deni la friji. Katika dakika ya tisa, mapacha wakapongezwa kwa kufikisha umri ambao mmoja wao aliukana hadharani. Ndipo Fundi alipomwinamia Kasuku.

"Mzee wangu, samahani. Huu muziki haukatwi."

"Sijaukata, dada. Nimeupunguza."

"Ukiupunguza umeukata."

"Haya, na watu je? Unadhani wamekuja kusikiliza cherehani? Wamekuja kusikia majina yao. Wewe Ijumaa ijayo hupo. Hawa wapo."

Kwa sauti alikuwa mpole, na hilo lilimchoma Fundi zaidi. Macho yake yakaufuata waya wa maikrofoni, kwa kuwa mkono wa fundi hautaki kungoja ruhusa. Lakini waya ulizama ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Akamwashiria Meneja, mtu mwembamba aliyekuwa akipita na kreti ya soda.

"Mwambie anyamaze, tafadhali!"

"Nani, Kasuku? Haambiwi kwa mdomo huyo, mwandikie. Mimi mwenyewe nikitaka kufunga, namwandikia."

Akaandika, basi. Mkono mmoja kwenye mitambo, mwingine na kalamu ya risasi, akaandika kwa ile hati safi aliyofundishwa na kaka yake: "Tafadhali nyamaza mpaka nimalize. Yupo mtu hapa anayeusikia muziki huu mara moja tu." Akakikunja kikaratasi, akampa. Kasuku akakipokea kwa heshima zote, akakiweka chini ya vikaratasi vingine kumi.

"Kisome sasa hivi!"

"Kwa zamu, dada. Na huwa sisomi mapema. Salamu ikisomwa mapema inapoa."

Katika jambo hili Kasuku alikuwa mwadilifu mno. Katika miaka tisa hakuwahi kumpendelea mtu, wala kuruka kikaratasi. Alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila mara muziki ukaporomoka, kisha ukaanza kupanda upya kama mtu anayesukumwa ngazini. Fundi akahesabu vilivyobaki. Kati ya dakika ya ishirini na sita na ya thelathini na moja Kasuku alitafuta miwani yake, na kwa dakika hizo tano muziki ukapanda bila kuguswa. Sakafu ikatetemeka. Waliokuwa wameketi wakasimama. Fundi akamtazama kaka yake, akamwona amefumba macho, viganja vyote viwili juu ya spika. Akaomba moyoni miwani ile isionekane.

Ikaonekana mfukoni mwa koti. Sekunde chache kabla ya midundo yote kukutana, kikaratasi cha Fundi kikafika zamu yake.

"Tafadhali nyamaza mpaka nimalize!" Kasuku akasoma kwa sauti kuu, na muziki ukaanguka mpaka chini. "Yupo mtu hapa anayeusikia muziki huu mara moja tu!" Akakigeuza kikaratasi, akatafuta jina la mwenye kutuma.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Nyamaza basi, Kasuku!" akapaza sauti Shemeji.

Hata hapo mambo yangaliweza kupona. Lakini watu walikuwa wameonjeshwa utani, wakaupenda. Vikaratasi vikamiminika. Meza ya sita nayo ikamwomba Kasuku anyamaze. Meza ya pili ikaunga mkono meza ya sita. Mapacha wakaomba anyamaze mwaka mzima. Naye, kwa uadilifu ule ule, akavisoma vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka dijei mwenyeji wa klabu akamgusa Fundi begani.

"Muda wako umeisha, dada. Umewachekesha kweli!"

Fundi akachomoa nyaya zake. Alipofika kwa kaka yake, akamkuta amesimama, uso umekunjwa kwa huruma.

"Mtambo wako unasimama-simama," akasema kaka. "Nimehesabu mara kumi na saba. Ukishika kasi tu, unakufa."

"Si mtambo, kaka. Ni yule mtu!"

"Nini?"

"Yule mtu! Anayesema!"

Kaka akageuka, akatazama jukwaani kwenye giza. "Mtu gani anasema?"

Ndipo Fundi alipofahamu. Sauti ya Kasuku ilikuwa nyembamba. Kaka yake hakusikia hata neno moja. Kwake yeye, mara kumi na saba, muziki ulikuwa umekufa wenyewe, mikononi mwa mdogo wake.

Wakatoka. Chini ya taa ya barabarani kaka akamshika bega.

"Usihuzunike. Kazi ya kwanza huwa na kasoro."

Kazi ya kwanza! Fundi akafungua kinywa ili amweleze kuhusu salamu, maikrofoni na kisanduku chenye kufuli, akaona kwamba angelazimika kurudia kila neno mpaka kaka alisome midomoni mwake, na kwamba mwisho wake ingesikika kama udhuru wa fundi mvivu. Akafunga kinywa. Kaka akaendelea kumweleza, kwa sauti ya kuwaleta watu madirishani, kwamba mtambo unaosimama-simama aghalabu umelegea mkanda, na jinsi mkanda unavyokazwa, hatua kwa hatua, naye Fundi akatembea kando yake akiitikia kwa kichwa.